Ndani ya Buti la Kushoto

Nsimire mwanangu,

Kama unasoma karatasi hizi, basi umeyatoa yale mabuti. Umeingiza mguu wa kushoto, umekuta kitu kinazuia, umefikiri ni soksi, ukavuta, na sasa umekaa chini mahali fulani unaangalia mwandiko wa papa yako. Sijui umekaa kwenye jiwe au kwenye begi lako. Ninachojua ni kwamba hauko São Paulo. Watu wa São Paulo hawavai mabuti ya mpira.

Niliyaona jioni hii. Maman yako alinituma nikaziingize zile sambaza kavu, dagaa wa ziwa letu, kwenye valizi yako, chini kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu wa mpakani haufiki upesi. Nikainua nguo, nikayakuta yamefungwa ndani ya kitenge cha nyanya yako. Mabuti meusi, mapya, bado yana harufu ya duka. Mimi nimezeekea kwenye matope ya mji huu, nayajua. Ni yale ya wachimba dhahabu wa Kamituga, yanayouzwa soko la Kadutu karibu na wauza kamba. Hakuna anayenunua mabuti ya namna hiyo ili aende Brazili kukaa kwa shangazi wa rafiki yake na kusuka watu nywele, kama ulivyotueleza mezani ukiwa unatazama sahani.

Sikukuita. Ningeweza kusimama mlangoni nikapiga kelele, unanijua. Ungenijibu, "Papa, iyo ni ya mvua," nami ningejifanya nimeamini, na maman yako angejifanya hajasikia. Ndivyo tunavyoishi katika nyumba hii, na ni mimi niliyewafundisha. Kwa hiyo nimekaa hapa na kalamu nyekundu ya kusahihishia, maana ile ya bluu umeichukua, ninakuandikia barua ambayo namwomba Mungu usiisome. Ukibaki São Paulo, mabuti yatakauka ndani ya valizi pamoja na maneno yangu, na mimi sitakuwa nimepoteza kitu.

Mambo ya pasipoti, ya pesa za kushonea kwenye pindo la sketi, ya kutokula chakula cha mtu usiyemjua, hayo maman yako amekwisha kukuambia, na anayasema vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kukueleza jinsi nilivyomzika kaka yako akiwa hai. Najua ulikuwapo. Lakini ulikuwa umeinamisha kichwa siku ile, na mimi sijawahi kukuambia kilichokuwa ndani ya changu.

Kosa lilianza na chaki. Kaka yako Mugisho alikuwa amekwisha kupata visa ya Brazili, na vijana wenzake walikuwa wamemwambia kwamba kutoka kule mtu anapanda taratibu, nchi kwa nchi, mpaka Meksiko, na kutoka Meksiko anaingia kwa Wamarekani. Akaniuliza, "Papa, kutoka Kolombia mpaka Panama, iko mbali?" Unakumbuka ule ubao mdogo nyuma ya mlango, ambao nilikuwa nafundishia watoto wa majirani. Nikachora bara la juu, nikachora bara la chini, na katikati nikachora ile shingo nyembamba inayoyaunganisha. Nikamwambia, "Ni hapa tu. Upana wa kidole kimoja."

Nimefundisha jografia tangu sijaoa. Ile shingo nimeichora mbele ya madarasa mengi, na kila mwaka naiuliza katika mtihani. Mimi mwenyewe sijavuka Bujumbura. Nilijua mvua inanyesha kiasi gani katika msitu ule, na kwamba barabara haipiti humo. Sikujua kwamba watu wanapita juu ya watu waliolala, na kwamba mto unaweza kuja usiku ukachukua hema na waliomo. Nilisema kama mtu aliyeutembea. Kaka yako akacheka, akaweka kidole chake juu ya chaki, akaniambia, "Basi nitafika, papa." Akatoka na ncha ya kidole ikiwa nyeupe.

Kosa la pili nililifanya darajani Ruzizi, pale mpakani, asubuhi ile tulipomsindikiza. Majirani walikuwapo, na tonton, yule mzee wa kwaya, na wale wamama wa avenue, mtaa wetu. Mbele yao wote nikamshika bega nikamwambia, "Usitupigie simu kutueleza matatizo. Utatupigia ukifika." Watu wakatikisa vichwa, wakasema ndivyo mzazi anavyosema. Nilijiona mwanamume. Nilidhani ninampa nguvu, kumbe nilikuwa nakinga jina langu. Unaijua Bukavu yetu. Mtoto akitoka kwenda Ulaya au Amerika, avenue nzima inamhesabu kuwa wake, na habari za njaa yake zinafika bombani kabla ya maji yenyewe. Niliogopa kuchekwa, Nsimire. Profesa mzima, kama wanavyoniita shuleni, niliogopa wamama wenye ndoo.

Halafu nikaongeza. Alipoteremka tu São Paulo, nilikwenda kanisani na matoleo ya shukrani. Tulipeleka kuku, mikungu ya ndizi na kitambaa cheupe cha altare, nikapewa nafasi ya kusema, nikasema Mungu amemfikisha Mugisho Amerika. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Niliporudi kwenye benchi maman yako akaninong'oneza, "Brésil ndiyo Amerika?" Nikamjibu, "Ni Amerika ya Kusini. Miye ni profesa ya jografia." Nilifurahia sana jibu langu. Nikamtumia kaka yako picha zote za siku ile: kuku, makofi, mimi na tai yangu. Alikuwa analala chini katika chumba cha watu wengi, na simu yake ikamwonyesha kwamba amekwisha kufika.

Baada ya hapo alipanda akaenda. Alituandikia kutoka Peru, kisha kutoka Kolombia, maneno mafupi: niko salama, tuko wengi. Kisha akaingia msituni, akanyamaza.

Miezi ile sitaieleza, uliiishi. Maman yako alikuwa analala na simu chini ya shavu. Habari pekee tuliyopata ilitoka kwa kijana mmoja wa Uvira aliyetembea naye. Alimwandikia mwenzake kwamba Mugisho alishikwa na homa kando ya mto, wakamfunika na plastiki, wakamwita asubuhi, hakuamka, na kundi haliwezi kungoja mtu. Hakusema amekufa. Sisi ndio tuliosema.

Kaka yangu mkubwa aliita kikao kule kijijini kwetu, Mudaka. Unamjua papa mukubwa Bisimwa, akikaa kwenye kiti chake hata kuku wananyamaza. Alisema mfu asiyezikwa anatembea, anakuja kugonga milango ya wadogo zake. Kisha akakunyooshea mkono. "Na uyu binti? Ile familia ya bwana yake itatosha ngombe ya mahari namna gani, kwa nyumba yenye iko na mufu inje?" Wote wakakutazama. Wewe ukatazama mkeka.

Hujawahi kuniuliza, na najua unakwenda na swali hilo mgongoni, kwa hiyo nakujibu. Haikuwa kosa lako. Ulikuwa msichana aliyechumbiwa, na sisi wazee tulijificha nyuma ya arusi yako. Mimi hasa. Nilikuwa nimechoka kungoja. Matanga yana siku yake ya kuisha: watu wanakuja, wanakaa nawe, wanaleta chakula, wanakufariji, wanaondoka. Kungoja hakuna anayekuja kukufariji. Nilitaka watu waje wakae uani kwangu, Nsimire. Nilimuua mwanangu ili nipate wageni.

Basi tukafanya desturi ya mtu ambaye maiti yake haikupatikana. Unajua ilivyo, lakini hukuwa karibu. Walikwenda nyuma ya jiko kukata mgomba, wakaniuliza urefu wa Mugisho. Nikainua mkono juu ya kichwa changu, maana alikuwa amenipita. Wakakata kwa kipimo cha mkono ule. Wakauosha, wakauweka juu ya mkeka, na mimi, baba, nikauvalisha shati. Nilikuwa nimeleta lile jeupe alilovaa siku za Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari. Nilifunga vifungo kimoja kimoja juu ya mgomba. Utomvu uliniingia kwenye kucha, ukachafua kola, na nikajikuta ninaifuta kola kwa kidole nilicholamba mate, kama nilivyokuwa nikimfanyia akiwa mdogo. Hapo nilipaswa kuacha. Sikuacha. Nilinyolewa nywele, nikatupa udongo wa kwanza.

Maman yako alikataa kutoka Bukavu. Papa mukubwa alimtuma mtu amlete, akamjibu mjumbe mlangoni: "Mwende muzike yenu. Miye sikuzala mugomba." Nilimkasirikia. Nilisema mbele ya wageni kwamba uchungu umemharibu akili.

Kisha simu ikalia. Ilikuwa mchana wa kawaida, ninasahihisha, maman yako anachambua maharage. Aliangalia namba, akapokea, akasikiliza. Hakupiga yowe. Alikaa chini polepole, akanyoosha mkono wenye simu, akaniambia, "Kamata. Ongea na mufu wako."

"Papa," sauti ikasema, "ni miye."

Nilitaja jina lake mara nyingi, sikumbuki kingine nilichosema. Yeye alingoja nimalize. Alikuwa Tapachula, kusini kabisa mwa Meksiko, na kijana mmoja wa kwetu alikuwa amemwonyesha kwenye simu picha za matanga, sura yake imezungukwa na maua, watu wanaandika apumzike kwa amani. Akaniuliza jambo moja tu.

"Mulinivalisha shati gani?"

Nikamwambia, "Ile nyeupe ya Examen d'État."

Nilisikia pikipiki za mji ule zikipita. Halafu akasema, "Ile ilikuwa inanibana mu mabega," akakata.

Tangu siku hiyo anampigia maman yako na anakupigia wewe. Mimi nikishika simu, réseau, ule mtandao, inaharibika. Nilimtumia ujumbe arudi nyumbani, tutachinja mbuzi, papa mukubwa atamwingiza kwa mlango wa nyuma kama desturi inavyotaka kwa mtu aliyekwisha kuzikwa. Alinijibu mstari mmoja: "Mufu harudiake, papa." Na watu wa mchumba wako, waliposikia kwamba yuko hai, walisema hawataki kuoa katika nyumba inayozika wazima. Ng'ombe hawakuja. Tulimzika bure.

Kwa nini alinyamaza muda wote ule? Hilo alikuambia wewe, mkiwa jikoni na simu imewekwa juu ya debe, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Ndiyo, nasikiliza milangoni siku hizi, ndipo ninapopatia habari za mtoto wangu. Alisema homa ilimwachia, familia ya Wahaiti ikamvusha mto, akafika Meksiko akiwa mifupa. Akazuiliwa katika mji ule kungoja karatasi, mwezi kwa mwezi, akipanga foleni tangu alfajiri, akibeba makreti sokoni, akiuza maji kwenye magari yanaposimama. Alikuwa na simu ya kuazima. Alikuwa na namba yetu kichwani. Ulimuuliza kwa nini hakupiga, akasema: "Papa alisema nipige nikifika. Sikuwa nafika."

Alinitii. Watu wote walikuwa wananisifu kwa utii wa watoto wangu.

Kuna jambo jingine nililolisikia nyuma ya mlango ule, nalo ndilo linaloninyima raha kuliko yote. Ni habari ya yule mama mwenye nyumba anayemkodishia kaka yako chumba kule Tapachula. Mugisho anasema watu wa kule nao ni watu wa kuondoka. Karibu kila nyumba ina mtoto aliyekwenda kaskazini kwa Wamarekani kuchuma matunda au kujenga. Utakuta nyumba nzuri ya matofali iliyojengwa kwa pesa za mbali, na ndani yake mzee mmoja anakula peke yake. Ndiyo maana wengine wanawatukana watoto wetu barabarani, na wengine wanawapa maji bila kuulizwa. Mtoto wa yule mama alikwenda akiwa na umri wa Mugisho. Alipiga simu kwa muda, kisha akanyamaza, na miaka imepita mingi. Yule mama bado anaitia pesa laini ya simu ya mwanawe, ili kampuni isimpe mtu mwingine ile namba. Kitanda cha mwanawe huyo ndicho anacholalia kaka yako. Alimpa kwa sharti moja, kwamba mwenyewe akirudi, Mugisho atahama siku hiyo hiyo.

Na migomba imejaa kule. Mugisho alikuambia, iko pande zote za barabara, mashamba na mashamba, utadhani uko Mudaka. Yule mama hakukata hata mmoja.

Sasa nielewe vizuri. Sijui kama mama huyo amesoma, sijui hata anaitwa nani. Lakini kila nikilala namwona anaingia dukani kununua vocha ya mtu asiyepokea, na mimi najiona na wembe kichwani na udongo mkononi. Namwonea wivu mwanamke huyo, na namshukuru, na namchukia kidogo. Yapokee yote matatu, ni kweli.

Wiki iliyopita nilikwenda Mudaka. Nilimwambia maman yako ninakwenda kuangalia maharage. Nilichukua jembe, nikaenda pale nyuma tulipouzika mgomba, nikachimba. Papa mukubwa alitoka na fimbo, hata viatu hakuvaa. "Unafukula mufu! Utatuletea laana!"

"Mufu gani?" nikamuuliza. "Nionyeshe. Mufu gani?"

Nilichimba mpaka nikafika. Mgomba ulikuwa umekwisha, maji maji na nyuzi na harufu mbaya. Shati lilikuwapo. Nililitoa, nikafukia shimo, nikapanda pikipiki na shati ndani ya mfuko wa plastiki. Nyumbani maman yako alilipokea bila kuuliza, akalifua mara ya kwanza, akalifua tena. Kisha akaniambia, na ni siku nyingi alikuwa hajanisemesha jambo lisilohusu chumvi au makaa, "Doa ya mugomba haitokake." Akalipiga pasi hivyo hivyo, akalitundika mahali pake. Papa mukubwa hapokei simu zangu tena, na mimi sijali.

Basi, Nsimire. Mabuti yako.

Najua hukuyanunua kwa ajili ya Amerika. Kaka yako amekuambia mlango ule umefungwa, kwamba waliotembea mwaka mzima sasa wanarudi kusini kwa njia ile ile, na watoto mgongoni. Nilimsikia anakuambia, "Dada, usikuye. Bakia Brésil." Wewe unataka kufika mbele yake tu. Unataka kumwambia kwa mdomo wako kwamba hukumzika kwa ajili ya ng'ombe. Ningekuwa na magoti mazima ningekwenda mimi. Lakini msamaha huo si wako kuomba, ni wangu, na hauwezi kulipiwa kwa miguu yako. Akikupoteza na wewe katika msitu ule ule alimotoka, nani atamwambia? Mimi? Atapokea simu yangu siku hiyo, na ndilo litakalokuwa jambo la kwanza nitakalomwambia baada ya lile la shati.

Sikupi amri. Nimetoa amri moja maishani mwangu ambayo ilisikilizwa, na umeona. Ukiamua kuingia, ingia, lakini utupigie kila penye réseau. Utupigie ukilia. Utupigie ukiwa na njaa, ukiwa umeibiwa, ukiwa umetendewa lolote, hata lile ambalo msichana hamwambii papa yake. Nitatoka mwenyewe niwaambie wamama wa bombani, binti yangu ana njaa, na watacheka, na nitarudi nyumbani nikiwa bado na binti. Kanisani sipeleki kuku. Na ukinyamaza, hata ukinyamaza mpaka ninyi wote mseme papa ameharibika akili, hakuna atakayeniuliza tena urefu wa mtoto wangu. Nitanunua vocha.

Lakini kama unaniuliza ninachotaka, ninataka uyavue. Kaa hapo upumzike, uyavue, usimpe mtu mwingine. Yaache matopeni, na ugeuke. Ukirudi watu watakuuliza umeleta nini, uwajibu kwamba waniulize mimi. Aibu nimeizoea, ina nafasi kwangu.

Kesho asubuhi utaziacha sandali zako za nyumbani nyuma ya mlango, kama kila anayetoka. Sitaruhusu mtu azivae. Rudi mikono mitupu, mwanangu. Rudi hata peku. Nitakuja nazo darajani.

Papa yako